"Analala bure, anakula bure, ana mawazo gani?"

Hilo ndilo jibu utakalopewa mitaa ya Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, ukisema kijana wa miaka 17 amelemewa. Kati ya dhana zote potofu kuhusu vijana wetu, hii ndiyo inayoniuma zaidi.

Ukweli ni kwamba kijana huyo ana mizigo, na mingi tumemtwisha sisi. Novemba anafanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na tangu Januari shangazi, jirani na mwalimu wanamuuliza atapata division ngapi. Usiku anasoma kwa tochi ya simu, alfajiri anaamshwa akachote maji kabla ya shule. Umri wake unahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wenyewe humcheleweshea usingizi usiku. Kwa hiyo akisinzia darasani tusikimbilie kumwita mvivu.

Hali ya nyumbani pia anaijua. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei, mtoto wa nyumba inayoishi kwa dagaa na migebuka hakuhitaji kuelezwa kwamba mchango wa shule usubiri. Binti ana ya ziada: kazi zote za ndani ni zake, wanaume wanamsumbua njiani, na hofu ya mimba haimtoki. Tangu mwishoni mwa 2021 Serikali inamruhusu aliyejifungua kurudi shuleni, lakini midomo ya mtaani haijamruhusu.

"Simu ndizo zimewaharibu." Simu huchangia, hasa inapokula usingizi au kuleta matusi. Ila ukimnyang'anya simu, mtihani na njaa vinabaki palepale.

"Huyo ana majini, au karogwa." Sala humfariji mtu, na simzuii mzazi kusali. Lakini kijana akikosa usingizi majuma mawili, akajitenga na wenzake, akawa mkali, au akaumwa kichwa na tumbo kila mara bila ugonjwa kuonekana, huenda ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, au wasiwasi uliopita kiasi. Hayo yanatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine kwa dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, ombeni rufaa ya kwenda Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma. Na mvulana msimwambie mwanaume halii, maana ndiyo njia ya kumfanya anyamaze hadi mambo yaharibike.

"Ukimuuliza kama anawaza kujiua, unamfundisha." Dhana hii inaweza kugharimu uhai. Utafiti umeonyesha kuwa kuuliza hakupandikizi wazo hilo. Mara nyingi kijana hupata nafuu kwa kuwa mtu amethubutu kuligusa. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimgombeze wala usimwambie anauaibisha ukoo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani ndani ya nyumba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure, na mzazi naye anaweza kuipiga.