Umeme mdogo juu ya fuvu: unaufanya nini ubongo baada ya kiharusi

Hapa Mbeya ninakofanya fiziotherapia, familia za wagonjwa wa kiharusi huja na swali lililotoka kwenye simu. Wameona video ya mtu aliyefungwa mkanda kichwani, sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, nyaya mbili, halafu mkono uliopooza unanyanyuka. "Daktari, tunaweza kumnunulia mzee kitu hiki?"

Kifaa chenyewe hakina maajabu. Kinatumia betri, na hupitisha umeme wa miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 20 hivi, kutoka sponji moja kwenda nyingine. Kisichanganywe na tiba ya mshtuko wa umeme ya wagonjwa wa akili, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Kule umeme ni mkubwa mara mamia, na siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kabla ya kuletewa degedege kwa makusudi. Huku mgonjwa yuko macho anaongea, na kikubwa anachohisi ni ngozi kuwasha.

Tena sehemu kubwa ya umeme huo haifiki kabisa kwenye ubongo. Watafiti waliopima kwenye maiti walikuta takribani asilimia 75 inaishia kwenye ngozi na fuvu. Seli ya neva iliyotulia ina volteji ya milivolti 70 hasi hivi, na ili itume ishara lazima ipande hadi karibu 55 hasi. Umeme unaopenya unaisogeza kwa sehemu ndogo tu ya milivolti moja. Hauwezi kuiamsha seli peke yake. Kinachotokea ni kwamba seli inakuwa nyepesi kidogo kuitikia, endapo kuna ishara nyingine inayoifikia wakati huohuo.

Mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, waliweka sponji juu ya eneo la ubongo linaloamuru mkono, kisha wakalichokoza eneo hilo kwa mpigo wa sumaku na kupima jinsi msuli wa mkono unavyoitikia. Sponji ya ncha chanya ya umeme ilipokaa juu ya eneo hilo mwitikio ulipanda, ya ncha hasi ilipokaa ukashuka. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa dakika 13 za ncha chanya huacha athari hadi dakika 90 baada ya kifaa kuzimwa. Ukitoa dawa inayoziba vipokezi vya NMDA, ambavyo ubongo huvitumia kujifunza, athari hiyo ya baadaye inafutika. Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote: kinachobaki baada ya waya kutolewa ni cha ukoo mmoja na kujifunza.

Halafu kuna jaribio la mwaka 2010, lililofanywa kwenye vipande vya ubongo wa panya. Umeme ukipitishwa peke yake, miunganiko ya seli haikuimarika. Iliimarika pale umeme ulipopitishwa huku seli zenyewe zikichokozwa taratibu. Mzee aliyekaa kwenye kochi na sponji kichwani akitazama taarifa ya habari hapati kitu cha maana. Mkono wake lazima uwe kazini: achambue maharage, apukuchue mahindi, afunge vifungo vya shati, ashike kikombe na kukiachia, tena na tena. Kazi hizo nyumba yoyote ya Uyole au Tukuyu inazo, na zinafaa hata pasipo kifaa. Ndiyo maana nawaambia familia fedha ziende kwanza kwenye nauli za kuja mazoezini.

Wala si kweli kwamba umeme ukizidi faida inazidi. Utafiti wa mwaka 2013 ulitumia ncha hasi kwa miliampea 2 badala ya 1, kwa dakika 20, na mwitikio wa msuli ukapanda badala ya kushuka. Watu nao hutofautiana sana, na matokeo kwa wagonjwa wa kiharusi bado yanapingana.

Kama kifaa kimeshanunuliwa, msikiwashe nyumbani. Kileteni kliniki pamoja na mgonjwa. Tutauliza kuhusu kifafa, chuma chochote kichwani, kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, na vidonda vya ngozi. Mwenye misuko afumue pale sponji itakapokaa, kwa sababu isipogusa ngozi sawasawa, au ikikauka, umeme hujikusanya sehemu moja na kuunguza.