Kitenge si mavazi yote ya Afrika
Ukitaja mitindo ya Kiafrika, wengi huwaza kitenge. Nakipenda sana, ila uchapaji wake ulitokana na batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia, ambayo Waholanzi waliiiga viwandani karne ya 19. Wanawake wa Afrika Magharibi ndio waliokipa majina na maana, na hilo si jambo dogo.

Sasa tazama bogolani, kitambaa cha Mali. Vipande vyembamba vya pamba huunganishwa, huchovywa kwenye rangi ya majani, kisha huchorwa kwa tope lililochachuka. Likioshwa, michoro hubaki myeusi. Mbunifu Chris Seydou alikishona kitambaa hicho makoti na sketi za kisasa.

Mbunifu Imane Ayissi wa Kameruni, aliyeingia ratiba rasmi ya mavazi ya kifahari Paris Januari 2020, hukataa kitenge. Hutumia kente, kitambaa kinachofumwa Ghana, na rafia, nyuzi za mti wa jamii ya mitende.