Stabilaiza: kuifungua si dawa ya kila barabara mbovu

Madereva wengi wa Tanga wanaamini pikapu haipandi milima ya Amani vizuri mpaka ifunguliwe stabilaiza, yaani chuma cha chini ya gari kinachopunguza kulala kwenye kona, na kwamba hata ikibaki hivyo hakuna neno.

Chuma hicho huunganisha tairi la kushoto na la kulia. Kwenye makorongo, kwa mwendo wa kutambaa, kukifungua husaidia kweli: tairi moja likipanda jiwe, la pili hushuka likashika ardhi. Tuta linaloinua matairi yote mawili pamoja halihusiani nacho. Ila ukirudi lami ya Muheza bila kukifunga, gari hulala zaidi kwenye kona, na hapo ndipo ninapowahofia abiria wa nyuma.

Jaribu mwenyewe, kwanza stabilaiza ikiwa imefungwa, kisha ikiwa imefunguliwa: pandisha tairi moja kwenye ukingo wa mtaro, simamisha gari, chungulia kama la upande wa pili limening'inia.