Vitanda viwili si madereva wawili

Juzi kaja tajiri mwingine mwenye malori. Hata salamu haijaisha, simu iko usoni kwangu, video inacheza: lori la Kimarekani lenye pua ndefu, nyuma ya viti kuna chumba kizima, sinki, maikrowevu, kitanda cha kulala mtu na mkewe, na kimlango ambacho ndani yake kuna bafu. Kisha akanionyesha kichwa cha lori lake mwenyewe kilichosimama nje, DAF ya mkono wa pili, imefika wiki iliyopita.

"Fundi, hii nayo ina vitanda viwili. Naweka madereva wawili. Mmoja anaendesha, mmoja analala, tunashusha makaa ya mawe ya kule Songea hadi bandarini Mtwara, gari halisimami. Wewe nitengenezee godoro la maana na friji tu."

Huyo ni wa tano mwaka huu. Nimechoka kulijibu jambo hilo hilo nikiwa chini ya kebini, yaani chumba cha dereva, vumbi la Masasi linanidondokea machoni. Naliandika hapa mara moja. Atakayekuja na video yake nitamtumia hii kwanza, halafu tuongee bei.

Vitanda viwili maana yake watu wawili wanaweza kulala gari likiwa limeegeshwa. Hakuna maana nyingine.

Vichwa hivi tunavyoletewa kutoka Uingereza, iwe Scania, DAF, Volvo au Actros, vimechorwa kwa kufuata sheria za Ulaya. Kule kuna kanuni namba 561 ya mwaka 2006. Dereva anaruhusiwa kupumzika mapumziko yake ya siku ndani ya gari, lakini kwa masharti mawili: gari liwe limesimama, na kila dereva awe na mahali pake pa kulala panapofaa. Wakiwa wawili, ndani ya saa 30 tangu walipomaliza mapumziko yaliyopita kila mmoja lazima awe amepata tena saa 9 za kupumzika. Saa hizo 9 gari limezima, wote wawili wamelala. Gari likiwa linatembea, yule asiyeendesha anahesabiwa dakika zake 45 za kupumzisha mwili, basi. Kwa hiyo aliyechora kitanda cha juu cha DAF yako alikuwa anafikiria watu wawili wameegesha, wamefunga mapazia, wanakoroma. Hakufikiria mtu amelala pale juu gari likipanda matuta ya Nanyamba.

Wamarekani ndio wenye utaratibu wa mmoja kulala safari ikiendelea, na kwao saa hizo zinahesabika kuwa mapumziko. Ndiyo maana sheria yao inakipima kitanda chenyewe: urefu kisipungue sentimita 190, upana 61, na kutoka juu ya godoro hadi dari 61. Aliyelala awe na njia ya wazi ya kutokea kwa dereva. Na kuwe na kitu cha kumzuia asirushwe gari likisimama ghafla, chenye kuhimili nguvu ya pauni 6,000, yaani kama kilo 2,700. Soma hiyo namba tena. Mtu wa kilo 80 gari likigonga hawi kilo 80. Halafu nenda kaangalie kamba iliyoshika kitanda chako cha juu.

Na ile nyumba ya kwenye video? Ipo kwa sababu tangu mwaka 1982 kule kwenye barabara kuu wanapima urefu wa tela peke yake, kichwa kirefushe utakavyo. Huku tunapimwa kuanzia bampa la mbele hadi taa ya nyuma, na mzani una kikomo chake cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kila kilo ya bafu ni kilo ya makaa iliyobaki Songea. Tajiri akisikia hivyo video huwa inazimwa yenyewe.

Sasa twende kwenye kitanda chenyewe, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Kwa madereva wa kupokezana, kitanda cha safarini ni kimoja: cha chini. Umewahi kuutazama mnazi upepo wa kusi ukivuma? Shina limetulia, kilele kinacheza. Kebini iko hivyo hivyo. Imekaa juu ya springi zake, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyokuyumbisha. Dereva kwenye kiti anahisi gari limeinama kidogo tu. Aliyeko kitanda cha juu amekwisha kujishika ukuta. Hapo hata hujafika kwenye breki ya ghafla, na kati ya Masasi na Tunduru breki za ghafla hazikosekani: mbuzi, bodaboda isiyo na taa, na mbele kidogo ya hapo hata tembo wanaovuka barabara.

Kwa hiyo ukienda kununua, usihesabu vitanda. Lala cha chini. Pima upana wake pale kwenye mabega, si pale kwenye miguu ambapo wauzaji wanapenda kuonyesha, kwa sababu vingine vinabanwa katikati na viti vikirudishwa nyuma. Dereva mrefu anarudisha kiti, mwenzake aliyelala anabaki na sentimita 50 na kitu. Nimeona hayo.

Godoro nalo. Watu wa huku tunanunua godoro kwa inchi, na tunaamini inchi zikizidi ndiyo heshima. Mtu ana godoro la kiwandani la inchi 4, analitupa, ananunua la inchi 8. Nimekaa nikamweleza mmoja kwa nusu saa nzima na bado aliondoka akidhani nina wivu. Sikiliza: kitanda cha kebini kina ukingo wa mbele, na wavu au mikanda inayofungwa kuanzia ukingo huo. Ukiongeza inchi 4 za sponji, umempandisha mtu inchi 4 juu ya ukingo. Sasa ukingo uliotakiwa kumkinga mwili uko chini sana, haumshiki. Wavu haumkai sawa tena kwa sababu ulikatwa kwa kimo cha zamani. Na dari imesogea, akiamka kwa kushtuka anaanza na kipara. Juu ya hayo, sponji laini gari likiruka inarusha, haimezi. Nunua la inchi 4 au 5, gumu, lile ambalo dukani ukilibonyeza kwa kiganja unanuna. Lifunikwe kitambaa cha pamba. Lile la kitambaa cha nailoni ukililalia Lindi mwezi wa Desemba utaamka umeoga.

Lakini godoro ni la pili. La kwanza ni springi za kebini, kitu ambacho hakuna tajiri hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Kebini nyingine zimekaa juu ya springi za chuma pembe zote nne. Nyingine zina springi za upepo, yaani maputo ya mpira yaliyojazwa hewa, nyuma au pembe zote nne. Tofauti kati ya hizi mbili dereva anaivumilia, kwa sababu kiti chake kina upepo wake. Aliyelala hana kiti. Yeye amelalia kebini yenyewe, na kitanda kiko nyuma kabisa, juu ya zile shokapu ambazo kwenye gari la mkono wa pili huwa zimekufa tangu Ulaya. Badilisha shokapu za kebini na bushi zake kabla hujaja kwangu kuulizia friji. Ni kazi ya siku moja. Kama kebini ni ya upepo, acha injini izime usiku kucha, asubuhi angalia kama imelala upande mmoja. Ikilala, kuna puto linavuja.

Mnajua ninavyojua? Kabla ya ufundi niliendesha, na nililala kwenye vitanda hivyo. Kutoka hapa Mtwara hadi Songea ni kama kilomita 660, na kila kijiji kina matuta yake. Tuta moja halikuamshi. Yale manne madogo yanayotangulia ndiyo yanayokuamsha, halafu unabaki macho unasubiri lile kubwa.

Joto. Kwenye vichwa hivi injini iko chini ya kebini, karibu na mgongo wa aliyelala. Chini kuna lile blanketi la kuzuia joto na kelele. Kwenye magari mengi yanayofika kwangu limechanika au halipo kabisa. Liwekwe upya. Kisha pazia kati ya viti na kitanda: lazima liwe zito, liue mwanga, kwa sababu mmoja wenu atalala mchana jua la Tunduru likiwa wima. Tatizo ni kwamba matundu ya kiyoyozi yote yako kwenye dashibodi. Ukifunga pazia umeua mwanga na umeua baridi pia. Ninachofanya mimi ni kuacha nafasi ya kiganja kimoja chini, na kufunga feni ndogo ya volti 24 inayovuta hewa ya mbele kuja kitandani. Si teknolojia ya kujivunia. Inafanya kazi.

Kiyoyozi cha kutumia gari likiwa limezima, kile cha kwenye paa, nitasema haraka kwa sababu hesabu yake ni fupi. Betri mbili za Ah 200 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) ukiziunganisha kupata volti 24 unabaki na Ah 200. Si 400, tafadhali, si 400. Kiyoyozi kikila ampea 25 mfululizo kwa saa 8, hizo ndizo Ah 200 zako zote, na betri ya kuwashia gari hutakiwi hata kuishusha chini ya nusu. Kwa hiyo ama unaweka betri zake za pembeni, ama asubuhi unatafuta mtu wa kukuwashia gari kwa betri yake. Ukiwasha injini ilale ikiunguruma, ni kama lita 3 za dizeli kwa saa, lita 24 kwa usiku wa saa 8. Nyavu za mbu kwenye madirisha ni bei ya chakula cha siku chache na zinafanya nusu ya kazi hiyo ukiwa umeegesha Mikindani upepo wa bahari unapita.

Friji: la kompresa, hata likiwa dogo. Yale mepesi yasiyo na kompresa yanashusha nyuzi kama 20 hivi chini ya joto linaloyazunguka, na ndani ya kebini iliyoanikwa juani kuna nyuzi zaidi ya 40. Piga hesabu, hayo si maji ya baridi. Jiko la gesi lisiwashwe ndani ya kebini, na la mkaa hata usiliseme mbele yangu. Pikeni ugali wenu pembeni ya tela kama siku zote.

Haya yote, friji, kitanda cha juu, dumu la maji lenye bomba, nisionekane nayadharau. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, waliokwama kwenye foleni waliishi ndani ya kebini zao. Siku hiyo kitanda cha juu kilikuwa mfalme. Ni kwa sababu gari lilikuwa limesimama.

Kuna mawili yananisumbua na sijayamaliza. Moja ni wavu. Ule unaomzuia mtu asirushwe ndio huo huo unaoweza kumchelewesha kutoka gari likianza kuwaka. Nafunga wenye klipu ya kubonyeza, kama ya mkanda wa kiti, na namwambia kila dereva aifungue gizani mara kumi kabla ya safari. Wangapi wanafanya? Naona aibu kubashiri.

La pili ni kubwa zaidi na linaharibu biashara yangu. Kwa njia hii yetu, nina wasiwasi kama kupokezana kunalipa kabisa. Saa mnazookoa usiku kati ya Namtumbo na Masasi mnazirudisha zote kwenye foleni ya kushusha bandarini, madereva wawili mmekaa chini ya mkorosho mnatazamana, posho mbili zinakimbia. Na kuna watu hawapati usingizi gari likitembea, hata uwawekee kitanda cha hoteli. Wanafumba macho tu. Huyo akishika usukani saa nane usiku una dereva mchovu wa pili, si dereva mpya. Afadhali dereva mmoja, alale Tunduru usiku mzima kama binadamu.

Na utingo je? Swali hili nikiliuliza tajiri hunyamaza. Kitanda cha juu tangu zamani ni cha utingo na mabegi. Ukileta madereva wawili, utingo amelala wapi?

Basi yule wa juzi nilimwambia twende. Nilimlaza kitanda cha chini, godoro lake la inchi 8 likiwa bado na nailoni ya dukani, pazia nikalifunga, dereva wake akashika usukani, tukatoka mjini kuelekea Mikindani. Kilomita kumi tu na kitu. Matuta ya kwanza alicheka. Ya pili akaniuliza kama dereva anafanya makusudi. Tulipofika akatoka nyuma ya pazia ananyoosha shingo, mguu mmoja peku. Tukatafuta ndala ya pili kila mahali. Dereva ndiye aliyeiona: ilikuwa chini ya pedeli ya breki.

Akaagiza hapo hapo kimfuko cha viatu cha kufunga kwa zipu, shilingi elfu kadhaa. Springi za upepo, kasema, baada ya msimu wa korosho.