Kuku wa chipsi hachomwi sindano ya homoni

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu ya Dar: kuku wa kisasa anayeuzwa kwenye chipsi kuku anachomwa homoni, ndiyo maana anakomaa haraka na nyama yake ni laini.

Si kweli. Broila, yaani huyo kuku wa kisasa wa nyama, hufikia uzito wa kuuzwa kwa wiki tano au sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi, pamoja na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye pumba, inameng'enywa tu tumboni. Kuchoma sindano maelfu ya kuku mara kwa mara? Mfugaji gani wa Chanika ataimudu gharama hiyo?

Nenda bandani ukaulize. Sindano na vichupa utakavyoonyeshwa aghalabu ni vya chanjo na dawa, na chanjo za kideri na gumboro, magonjwa ya kuku, mara nyingi hutiwa kwenye maji. Nadhani mkanganyiko unaanzia hapo. La kuhofia kweli ni antibiotiki: muulize mfugaji kama baada ya kuwapa kuku dawa alisubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko chake kabla ya kuuza.

Ulaini unatokana na umri mdogo. Kuku wa kienyeji ameishi miezi na kukimbia sana, hivyo misuli yake ni migumu na ladha imekolea. Ukijaribu mabanda mawili ya chipsi ya Sinza, tofauti utakayoonja ni chumvi na limau vilivyoingia mapema, na mafuta: yakiwa na moto wa kutosha ngozi inakauka, yakipoa inalowa.

Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.