Hydractinia: Mwili Mmoja, Vinywa Vingi

Katika pwani za Atlantiki ya kaskazini, kaa wanaojisitiri ndani ya magamba matupu ya konokono wa baharini mara nyingi huonekana wakiwa na utando wa rangi ya waridi juu ya magamba hayo, laini kama mahameli. Utando huo ni mnyama hai. Jina lake ni Hydractinia, naye ni jamaa wa konyeza na matumbawe. Spishi ya Ulaya ni Hydractinia echinata, na ile ya pwani ya mashariki ya Marekani ni Hydractinia symbiolongicarpus.

Utando mzima umeota polipu, yaani vijimwili vya umbo la mrija vyenye urefu wa milimita chache. Polipu zilizo nyingi zina mdomo uliozungukwa na minyiri, nazo hukamata chakula na kukimeng'enya. Nyingine hubeba mayai au mbegu za kiume. Na chache, ambazo huota hasa ukingoni mwa tundu la gamba, ni za ulinzi. Haifai kuzihesabu kuwa wanyama mbalimbali, kwa kuwa zote zimechipuka kutokana na yai moja na zimeunganishwa na mtandao wa mirija unaosambaza chakula, hata polipu isiyo na mdomo ikapata riziki yake humo. Koloni moja, yaani utando mzima pamoja na polipu zake zote, huwa ya kiume au ya kike.

Mwanga unapofuata giza, mayai na mbegu hutolewa majini. Baada ya siku mbili au tatu hupatikana lava, yaani mtoto mdogo anayetambaa, ambaye hugeuka kuwa polipu ya kwanza anapokutana na bakteria fulani waishio juu ya magamba.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni seli shina zake, yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Kwa binadamu, seli zitakazozaa mayai au mbegu hutengwa mapema, mimba ikiwa bado changa. Kwa Hydractinia, seli shina zile zile huendelea maisha yote kutengeneza neva, seli za kuchoma na seli za uzazi. Mwanabiolojia Mjerumani August Weismann alichunguza asili ya seli za uzazi katika jamii hii ya wanyama na kuchapisha kitabu mwaka 1883. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, Tfap2, ndiyo inayoielekeza seli shina kwenye njia ya uzazi.

Kwa kuwa seli hizo huweza kuhama mwilini, kuungana na mgeni ni hatari kubwa: seli shina zake zaweza kuingia na kuteka uzazi wa koloni nzima. Ndiyo maana koloni mbili zikigusana juu ya gamba moja hupimana kwanza, kwa kutumia hasa jeni mbili, Alr1 na Alr2. Zikilingana katika zote mbili, huungana na kuwa mwili mmoja. Zisipolingana kabisa, huotesha mirija minene iliyojaa seli za kuchoma na kupigana, mara nyingi hadi moja ife. Na zikilingana katika jeni moja tu, huungana kwa muda, kisha hutengana.