Neno "hata" la Mathayo halibebi mzigo huo

Jumapili, mnada wa mavuno ukiendelea nje ya kanisa, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni akanifungulia simu. Ilikuwa Mathayo 1:25 kwa maandishi mekundu, na chini yake: "Kesi imekwisha. Mariamu hakubaki bikira." Akaniambia, "Mwalimu, hapa Wakatoliki hawana pa kutokea." Nikamjibu kwamba kesi yenyewe haijasikilizwa. Kabla sijaendelea jogoo akapanda bei, watu wakashangilia, naye akaitwa kushika kapu. Namalizia hapa, maana hii ni mara ya tatu tangu Kwaresima naonyeshwa aya hiyo hiyo kama nyundo.

Mimi ni Mlutheri, nafundisha Agano Jipya na Kigiriki chake. Siandiki kumtetea Papa. Naandika kwa sababu aya inalazimishwa kusema jambo ambalo haikutumwa kusema.

Kwanza tuache kuchanganya. Kwamba Yesu alichukuliwa mimba bila mume ni jambo moja. Mathayo na Luka wanalisema, Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Wapentekoste wanalikiri, na hata Waislamu wanalo katika Sura ya Maryam. Kwamba Mariamu alibaki bikira maisha yake yote ni jambo la pili, na hapo ndipo tunapogawanyika. La tatu, Kukingiwa Dhambi ya Asili, halihusu mimba ya Yesu kabisa. Linahusu Mariamu mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake, na Papa Pius IX alilitangaza kuwa fundisho la imani tarehe 8 Desemba 1854. Anayedhani sikukuu ya 8 Desemba ni ya mimba ya Yesu ahesabu siku hadi Krismasi: ni 17. Waorthodoksi wanalikataa hilo la tatu na kulishika la pili kwa nguvu zote. Itazame ikoni yao ya Mariamu: nyota tatu kwenye shela, moja kwenye paji la uso na moja kila bega. Bikira kabla ya kuzaa, wakati wa kuzaa, na baada ya kuzaa.

Sasa aya yenyewe. Biblia yetu ya Union, ya mwaka 1952, inasema Yusufu "asimjue kamwe hata alipomzaa mwanawe", na kumjua hapa ni kulala naye kama mke. Vijana wengi wa leo wakisoma "hata" wanasikia neno la kutia mkazo, kama "hata mimi". Hapa ni Kiswahili cha zamani, maana yake "mpaka". Basi wanaogundua hilo wanarukia ng'ambo ya pili: kama hakumjua mpaka alipozaa, ina maana baadaye alimjua.

Taratibu. Fungua mwisho wa kitabu hicho hicho, Mathayo 28:20: "mimi nipo pamoja nanyi siku zote, hata ukamilifu wa dahari." Je, dahari ikikamilika Yesu anatuacha? Fungua 2 Samweli 6:23: Mikali binti Sauli hakuwa na mtoto mpaka siku ya kufa kwake. Je, alizaa kaburini? "Mpaka" linafunga kipindi ambacho msemaji anakijali. Kilichofuata baadaye, neno lenyewe halikitaji.

Wenzangu wanaojua Kigiriki watanishika hapa, na wana haki. Kwa neno "mpaka", Mathayo 1:25 ina "heos hou", wakati mifano yangu miwili ina "heos" peke yake. Kuna waliojenga ukuta mzima juu ya hiyo "hou", wakidai pakiwa na maneno mawili basi lazima hali ibadilike baadaye. Nimelisikia dai hilo mimbarani, likisemwa kwa sauti ya mtu aliyemaliza utafiti. Asome Zaburi ya 112:8 katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, ambamo imehesabiwa kuwa ya 111: mwenye haki hataogopa, "heos hou" awaone adui zake wameshindwa. Kuna kukanusha, kisha "heos hou", sawasawa na Mathayo. Je, akishawaona wameshindwa ndipo anaanza kuogopa? Ukuta umeanguka.

Lakini haki ni haki. Mara nyingi zaidi katika Agano Jipya, "heos hou" hufuatwa na badiliko kweli. Yesu anawaambia wanafunzi wasiseme walichokiona mlimani mpaka Mwana wa Adamu afufuke, na baada ya hapo walisema. Msomaji asiye na upande akinisomea Mathayo 1:25 na kuniambia inaelekea kidogo upande wa ndoa ya kawaida, sitambishia. Inaelekea. Kuelekea si kuthibitisha, na hoja ya Mathayo pale ni moja tu: mtoto huyu si wa Yusufu.

Upande wa pili, wa wanaotetea ubikira wa daima, nao una njia yake ya mkato unapoulizwa habari za "ndugu" wa Yesu: ni binamu, basi. Marko 6:3 inawataja Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, pamoja na maumbu yake, yaani dada zake, wasiotajwa majina. Sisi wenye Kiswahili tunalielewa tatizo upesi kuliko Wazungu. Mkatoliki anaposali "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu", hakuna anayedhani benchi zima limetoka tumbo moja, na sala hiyo hiyo mbele kidogo inamwita Mariamu Bikira daima. Abramu alimwita Lutu ndugu, ilhali ni mtoto wa kaka yake. Na katika sura hiyo hiyo ya 6 ya Marko, aya ya 17, Filipo ni "ndugu" wa Herode: baba mmoja, mama mbalimbali.

Ila Kigiriki kina neno la binamu, "anepsios", na Wakolosai 4:10 inalitumia kwa Marko na Barnaba. Kibaya zaidi kwa hoja ya binamu, Hegesipo, mwandishi Mkristo wa karne ya pili, ambaye maneno yake tunayo kupitia mwanahistoria wa kanisa Eusebio, anamwita Yakobo ndugu wa Bwana na Simeoni binamu wa Bwana. Alijua kutofautisha. Nadharia ya binamu aliikazania Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, mnamo mwaka 383 akimjibu Helvidio, aliyedai kwamba Mariamu alizaa watoto wengine baada ya Yesu, na mimi naiona dhaifu kuliko zote.

Iliyobaki ni ile ya Mashariki: watoto wa Yusufu kwa mke wa kwanza. Kilugha inakaa vizuri, maana mtoto wa baba yako ni ndugu yako, hakuna anayekuuliza cheti. Chanzo chake ndicho kinachonikosesha usingizi. Ni Injili ya Yakobo ya karne ya pili, kitabu kisichomo katika Biblia, ile ambamo Salome anataka kumpima Mariamu kwa mkono wake baada ya kuzaa, na mkono unaungua. Mwandishi wake anamlea Mariamu ndani ya hekalu, jambo ambalo desturi za Wayahudi tunazozijua haziliungi mkono. Je, alipokea habari za kweli za familia akazipamba, au alizibuni zote? Nimelisoma swali hilo miaka mingi na bado linanishinda. Tertuliano, mwandishi wa kanisa la kale, mtu wa Afrika, mtetezi mkali wa kuzaliwa kwa Yesu na bikira, alikubali kwamba kuzaa kwenyewe kulikuwa kwa kawaida.

Na hili nalisema kwa Walutheri wenzangu, kwa uchungu, kwa sababu mchungaji aliyenifundisha kipaimara alitwambia Luther ndiye aliyeufuta ubikira wa daima. Si kweli. Luther aliushika hadi kufa. Makala ya Smalkaldi, ungamo aliloliandika Luther mwenyewe, 1537, katika Kilatini yanasema Kristo alizaliwa na Mariamu "semper virgine", bikira daima. Kijerumani chake kinasema tu bikira safi, mtakatifu. Lakini Mwafaka wa 1577, ungamo la Walutheri baada ya Luther, unatamka wazi kwamba alibaki bikira, nao umo katika vitabu vyetu vya ungamo. Zwingli, mtengenezaji wa kanisa kule Uswisi, aliushika. Calvin alimkemea Helvidio kwa kuigeuza Mathayo 1:25 kuwa ushahidi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, aliuandika mwaka 1749 katika barua yake kwa Mkatoliki. Unaweza kutokubaliana nao wote, nami sikulazimishi. Usiseme tu kwamba Matengenezo ya Kanisa yalianza kwa kuukana.

Kijana wangu, Jumapili njoo na simu yako hiyo hiyo. Tutaanza na Zaburi ya 112, na nitakuletea Kigiriki chake kwenye karatasi.